Sufuria ya Baba Mkwe

Mdogo wa marehemu mume wangu ana kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kila mwisho wa wiki, na siku nyingine yoyote ambayo basi la wageni litasimama pale kwenye kituo cha mafuta, yeye huwapokea watu na kuwatembeza kwenye kumbukumbu za vita zilizopangana kando ya ufuko wetu. Huanza na mahandaki, huja kwenye mzinga mkubwa, hupita makaburi ya mabaharia, na kumalizia kwenye mnara wa majina ulio juu ya kilima. Mji mzima unamwita Kombora. Mimi humwita shemeji, kwa sababu mtu mzima mwenye wajukuu haitwi jina la silaha.

Zamani alikuwa mpaka rangi wa meli. Alimaliza ujana wake akining'inia kwenye kamba chini ya matumbo ya vyuma, na kazi ile ikamwachia kikohozi, mkono wa kulia usiopanda juu ya bega, na sauti iliyozoea kushindana na nyundo. Alipopumzishwa kazi alianza kwenda kukaa chini ya mzinga kwa ajili ya upepo tu. Wageni wakamkuta pale wakamuuliza hili na lile. Na Kombora hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Jibu asilokuwa nalo hulitengeneza papo hapo.

Nimefundisha historia maisha yangu yote na nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba kumsikiliza ni mateso. Wiki hii vita vimeanza mwezi wa tatu, wiki ijayo vimeanza mvua zikinyesha. Meli ya adui imezama, mara imekimbia. Siku moja nilimfuata pembeni nikamwambia atafute tarehe moja aishike.

"Shemeji," akanijibu, "wale waliokuwa wanapigwa mabomu unadhani walikuwa wanaangalia kalenda?"

Hata hivyo kuna jambo moja analolifanya kwa utaratibu usiobadilika. Akishawakusanya watu kwenye lango, kabla hajasema lolote, huuliza: "Nani ana mtu wake hapa?" Wenye watu wao hunyoosha mikono. Atawauliza ni nani kwao, baba, babu au mjomba, na atawaweka mbele karibu naye. Baada ya hapo, katika njia nzima, hatamfanyia mzaha maiti wa mtu yeyote. Hata baharia aliyezikwa bila jina, hamgusi. "Huyo naye ana mama yake mahali," husema.

Sasa, mtu wa mizaha asiyeruhusiwa kumcheka marehemu wa mtu atamcheka nani? Amebaki na wake mwenyewe. Na wake ni baba yake, yaani baba mkwe wangu, babu wa watoto wangu.

Baba mkwe alikuwa kwenye kikosi cha mzinga huo, hilo ni kweli. Alikuwa mpishi. Asubuhi ya shambulio alikuwa amebandika maharage. Kombora husimulia kwamba meli ya adui ilipotema moto wa kwanza, baba yake alitazama bahari, akatazama maharage, akayamwaga yote mchangani, akaivaa sufuria kichwani kama kofia ya chuma, na kukimbia. Alikimbia ufuko mzima bila kugeuka. Sufuria ilikuwa bado ya moto. Hapo Kombora huvua kofia yake na kuinamisha kichwa. "Ndiyo maana ukoo wetu wote tuna upara. Nywele ziliungua siku ile na hazijarudi mpaka leo."

Watu hucheka mpaka wanashikana. Humwomba ainame tena wapige picha. Naye humalizia kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kisha, wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko, huwapandisha kilimani kwenye majina.

Mume wangu alikuwa hakimu. Alikuwa na upara, ndiyo, upara wa heshima, na hakuna mtu aliyewahi kuucheka mbele yangu. Leo wanangu wakipita sokoni kuna mtu atasema, "Hao ndio wa sufuria." Nimesema, nimenuna, nimeacha kumsalimia msimu mzima. Ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndipo ikaja habari ya binti yangu wa mwisho. Kijana aliyempenda ni wa mbali, mhandisi wa maji, mtu mtulivu, na wazazi wake walikuwa wamekubali kuja kwangu tuzungumze kama familia mbili. Siku chache kabla ya safari baba wa kijana akanipigia simu.

"Mama, nina ombi dogo. Nitakuja na mama yangu. Baba yake alifia huko kwenu, kwenye mzinga. Jina lake liko mnarani, lakini mama hajawahi kufika. Kabla ya mazungumzo angependa apelekwe. Nasikia kuna mzee anayetembeza watu."

Nikajibu kwamba ni heshima kwetu. Nilipokata simu nikapiga hesabu. Babu wa upande ule alikufa kwenye mzinga, na babu wa upande huu alikimbia amevaa sufuria. Hayo mambo mawili yangekutanishwa na shemeji yangu kwa sauti yake ya kushindana na nyundo, mbele ya wakwe, saa mbili kabla ya kukaa mezani. Kama mngekuwa ninyi, mngelala?

Nilimwita nyumbani. Nikampa chai. Nikamwambia nani anakuja na kwa nini.

"Ah, vizuri!" akasema. "Nitamweka mbele kabisa."

"Sufuria haitajwi."

Akaweka kikombe chini. "Haitajwi kivipi?"

"Haitajwi. Wala maharage, wala upara."

"Shemeji, mimi nitasema nini sasa? Hiyo ndiyo ngazi yenyewe. Watu wenye mtu wao hawapandi kile kilima hivi hivi. Nimewaona. Wanafika chini, miguu inakataa. Lazima wacheke kwanza, kifua kifunguke."

"Huyu ni mama mzima, hahitaji kuchekeshwa kama mtoto wa chekechea. Na nisikilize: ni mjukuu wa baba yako anayeolewa, si mtu baki. Unataka aende kwao akiitwa mjukuu wa mtoro wa vita?"

Hilo lilimgusa. Anampenda sana binti yangu. Ndiye aliyemfundisha kuogelea. Akakuna kichwa. "Basi baba nisimtaje kabisa?"

"Mtaje kwa heshima. Alikuwa pale mzingani au hakuwa?"

"Jiko lilikuwa nyuma yake, ndiyo."

"Basi utasema hivi: baba yangu naye alisimama mzingani pamoja na wenzake. Unaishia hapo."

Alilirudia neno hilo. Nikamfanya alirudie tena, kama nilivyokuwa nikiwafanya wanafunzi, mpaka likamkaa mdomoni. Akaahidi. Na kitu kimoja lazima nikiseme kwa haki: katika ukoo ule, ahadi ni ahadi.

"Na upara?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Utavaa kofia."

Wageni walifika asubuhi. Mama wa kijana alibaki nyumbani kwangu na vijana wakiandaa meza. Mimi nikaondoka na baba wa kijana, mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, pamoja na mama yake, bibi mdogo wa umbo aliyefunga kilemba cheupe na kushika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyeko kwenye chumba cha daktari.

Siku hiyo kila kitu kilinikera. Bango la langoni limepauka hata halisomeki. Mnyororo wa kuzuia watu kwenye mahandaki umekatika, umefungwa kwa kamba ya nailoni. Ndani ya handaki la kwanza mtu alikuwa ameacha chupa. Nimewaandikia wahusika barua za kutosha kujaza handaki hilo. Jibu lao ni kwamba suala linashughulikiwa. Kombora alikuwa anatungoja amevaa koti la marehemu mume wangu, ambalo nilimpa nikilia na ambalo yeye huwa analivaa kwenye kupaka chokaa. Alikuwa amelipiga brashi. Kofia ilikuwa kichwani.

"Nani ana mtu wake hapa?" akauliza, ingawa tulikuwa watu watatu tu na alijua.

Bibi akanyoosha mkono. "Baba yangu. Mimi nilikuwa bado tumboni."

"Karibu sana, mama. Njoo hapa karibu."

Akatutembeza. Lo! Sijawahi kumsikia akiwa mkavu namna ile. Hili ni handaki. Hili ni handaki jingine. Hapa walikuwa wanaweka risasi. Alizungumza kama mtu anayesoma maelekezo kwenye kopo la rangi. Tarehe alizitaja sahihi, zote, nadhani alikesha akizikariri, na hakuna aliyezisikiliza. Baba wa kijana alitikisa kichwa kwa adabu. Bibi alizidi kuubana mkoba.

Tukafika kwenye mzinga. Umekaa juu ya duara la saruji, mdomo wake bado unatazama bahari, na ubavuni umechorwachorwa majina ya wapenzi kwa misumari. Kuna kibao cha shaba. Bibi akamwomba mwanawe amsomee. Akasoma: "Wote waliosimama hapa siku ile walianguka hapa."

Nami nikamtazama shemeji kwa jicho la mwalimu: sasa, sema.

"Baba yangu naye," akasema Kombora, "alisimama mzingani pamoja na wenzake."

Angeishia hapo, pengine pangepita. Lakini mumpe Kombora sentensi moja, atawarudishia kumi. Baba wa kijana alimtazama kwa heshima, akasema, "Kumbe na ninyi pia," na heshima ile ikampanda kichwani. "Ndiyo, bwana! Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza kombora kwenye mzinga. Wenzake walipokuwa wanaanguka, yeye anaingiza. Mpaka dakika ya mwisho!"

Nami, sitaficha, kwa kitambo kifupi nilifurahi. Nilisimama wima kabisa.

"Mpaka ya mwisho?" bibi akauliza.

"Ya mwisho kabisa, mama."

"Mwanangu, hebu nisomee tena hicho kibao."

Mwanawe akasoma tena. Bibi akamgeukia Kombora. "Kwa hiyo baba yako alianguka hapa."

"Hapana, mama. Baba alifariki uzeeni. Kitandani."

"Na alikuwa anaingiza kombora."

Kombora akaanza kukohoa.

"Maana mimi," bibi akasema, wala hakupandisha sauti, "nimeambiwa tangu nipate akili kwamba aliyekuwa akiingiza kombora ni baba yangu. Mama yangu aliambiwa hivyo na mkubwa wa kikosi, naye akaniambia mimi. Sina picha yake. Sina shati lake, sina hata kifungo. Hilo tu ndilo nililo nalo. Wewe bwana, una baba aliyezeeka ukamwona na ukamzika. Na hilo pia umelitaka?"

Akakaa juu ya magunia ya saruji yaliyoganda, yale yaliyowekwa kuonyesha jinsi askari walivyojikinga. "Turudi," akasema.

"Mama, mnara ni pale tu juu."

"Nimesema turudi nyumbani. Nyumbani kwetu."

Baba wa kijana hakunitazama. Alitazama viatu vyake, na nikaona jinsi meza yangu iliyoandaliwa kule nyumbani ilivyokuwa ikikunjwa, na binti yangu akiwa amesimama kando yake.

Nikamgeukia shemeji. Maisha yake yote mtu huyu hajawahi kunyamaza nilipomwomba anyamaze. Leo, siku ambayo ningetoa chochote afungue kinywa, alikuwa amebana midomo, jasho linamtiririka chini ya kofia. Alikuwa ameahidi. Sufuria haitajwi. Angekufa pale wamzike na mabaharia, ila asingeitaja.

Basi ikabidi niitaje mimi.

"Mama," nikasema, "aliyoyasema shemeji yangu ni maneno niliyompa mimi, na mengine ameongeza. Baba mkwe wangu hakuingiza kombora lolote. Alikuwa mpishi wa kikosi. Shambulio lilipoanza, alikimbia. Alichukua sufuria akajikinga nayo kichwani, akaondoka eneo la tukio."

Niliyasema kama mtu anayesoma ripoti ya kamati ya shule. Hakuna aliyecheka. Bibi alinitazama. Baba wa kijana alikunja uso zaidi. Ukweli wote ulikuwa umetoka, na hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Shemeji," Kombora akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. "Siyo hivyo. Umeruka maharage."

"Maharage hayana umuhimu."

"Hayana umuhimu! Sasa sufuria ilitoka wapi, ilianguka kutoka mbinguni? Na 'eneo la tukio' ndiyo nini? Baba hakuondoka eneo la tukio. Baba alitoka mbio, jamani!"

"Umeniahidi hutasema."

"Sisemi mimi, unasema wewe, na unaharibu. Mama, samahani, huyu ni mwalimu. Hebu tuanze upya. Asubuhi hiyo, maharage yako jikoni…"

Na akaanza. Sikuweza kumzuia na, nisiongope, sikujaribu sana. Alimwaga maharage. Alivaa sufuria. Alikimbia mle mle kwenye duara la saruji akiwa na koti la hakimu, mkono mmoja mzima umeshika sufuria isiyokuwepo, ule mwingine unaning'inia. Alipofika kwenye sufuria kuwa ya moto akapiga yowe hata ndege wakaruka. Kisha akavua kofia, akainama mbele ya bibi. "Tazama mwenyewe, mama. Ukoo mzima. Kaka yangu alikuwa hakimu, na alihukumu watu kwa upara huu huu."

Kicheko cha bibi kilianza kama kikohozi. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Akauachia mkoba ukaanguka mchangani, akafunika uso kwa ncha ya kilemba, akacheka akilia, au alilia akicheka. Nimefundisha watoto miaka mingi na sikuweza kutofautisha. Baba wa kijana alicheka kwa sababu mama yake amecheka. Mimi niliokota mkoba.

Alipotulia akauliza, "Alimwona?"

"Nani, mama?"

"Huyo mpishi wenu. Wakati anakimbia. Alimwona baba yangu?"

Kombora akavaa kofia yake polepole. Akatazama ule mzinga, si sisi. "Alimwona. Alisema aliyekuwa akiingiza kombora aligeuka akamwona anavyokimbia na sufuria. Akamwita."

"Akamwambia nini?"

Nilitegemea maneno ya kuchongwa kwenye jiwe.

"Alimwambia, 'We mpishi! Na sisi tutakula nini?'"

Bibi akayarudia maneno hayo kwa midomo bila sauti. Kisha akanyoosha mkono, Kombora akamshika, akainuka. "Alipenda kula," akasema. "Mama alinieleza. Alikuwa anapenda sana kula." Na wakapanda kilima wawili wao, bibi ameegemea ule mkono mbovu wa shemeji, ngazi moja moja, wala miguu haikukataa. Mimi na baba wa kijana tulifuata nyuma. Pale juu Kombora alifuta jina kwa kitambaa chenye maji, kama afanyavyo kwa kila mtu, na bibi akaweka kiganja juu yake mpaka jiwe likakauka.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Bibi alitaka Kombora akae kando yake, mahali nilipokuwa nimemtengea mwanawe, kwa hiyo mpangilio wote wa meza uliharibika. Tarehe ya harusi ilipangwa kabla hata chai haijapoa. Hakuna aliyenikosea heshima, lakini baba wa kijana alikuwa tayari yuko kwenye simu akimsimulia kaka yake habari za sufuria, na alikuwa anazikosea.

Wageni walipoondoka nilimkuta shemeji jikoni anaosha vikombe.

"Yale maneno ya tutakula nini," nikamwambia. "Sijawahi kuyasikia. Hata siku moja."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Baba aliyasema kweli, au umeyatengeneza?"

Alisuuza kikombe, akakiangalia kwenye mwanga, akakiweka kwenye kitambaa. "Shemeji, wewe ulikuwepo?"

Nimemuuliza tena mara kadhaa tangu siku ile, kwa upole na kwa ukali. Sipati zaidi ya hapo. Na mtu anayenifahamu anajua jinsi ninavyochukia jambo lisilo na chanzo.

Juzi bibi ametuma ujumbe kupitia kwa mwanawe. Anasema siku ya harusi, upande wetu utakapopewa nafasi ya kusema, asimame Kombora. Mimi nilikuwa nimeshaandika hotuba. Inaanza na elimu ya marehemu mume wangu, inapita katika utumishi wake mahakamani, na tarehe zote zimehakikishwa. Binti yangu ameisoma, akanikumbatia, akaniomba niifupishe ili baba mdogo apate muda.

Nimemwambia nitafikiria. Nimeondoa aya moja, ile ya shule ya msingi.